Jan Smuts na Falsafa ya Uzima

Mkazi wa Utange, Kisauni, aulizwapo habari za nyumbani, aghalabu hujibu kuwa wote ni wazima. Kwa neno hilo moja huwa amesema kwamba jamaa zake wako hai, wana afya na hakuna aliyepungua. Kiswahili kiliunganisha maana hizo tangu zamani. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanafalsafa wa biolojia walikuwa wakibishana juu ya jambo hilo hilo: kuna uhusiano gani kati ya kuwa hai na kuwa kitu kizima? Miongoni mwa waliojitosa katika mjadala huo ni Jan Christiaan Smuts, jenerali aliyeteremka Mombasa tarehe 19 Februari 1916 kuongoza majeshi ya Uingereza.

Smuts alizaliwa tarehe 24 Mei 1870 karibu na Riebeek West, Afrika Kusini. Alisoma Stellenbosch, kisha akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha Cambridge kuanzia mwaka 1891 hadi 1894. Katika vita vya 1899 hadi 1902 aliwaongoza wapiganaji wa Makaburu dhidi ya Waingereza. Baadaye akawa mshirika wa Waingereza hao, na mmoja wa waasisi wa Muungano wa Afrika Kusini mwaka 1910. Katikati ya shughuli hizo zote alipenda kukusanya na kuchunguza mimea, hasa nyasi.

Wataalamu wa wakati huo waligawanyika pande mbili. Upande mmoja ulidai kuwa kiumbe ni mashine tu, na kwamba anayezijua sehemu zake amekijua chote. Upande wa pili uliongozwa na Mjerumani Hans Driesch. Mwaka 1891 Driesch alitenganisha seli mbili za kwanza za kiinitete cha mnyama wa baharini mwenye miiba, na kila seli ikakua kuwa kiumbe kizima, ingawa kidogo. Kwa kuwa nusu ya mashine haiwezi kuwa mashine nzima, Driesch alihitimisha kwamba ndani ya viumbe mna nguvu ya pekee isiyo ya kimaada.

Kabla Smuts hajatoa jibu lake, vita vilimleta Afrika Mashariki. Kutoka bandarini Kilindini, reli ilipita Changamwe hadi Voi, na kutoka huko majeshi yalielekea Taveta. Machi 1916 aliiteka Moshi, na mwezi Septemba Dar es Salaam ikaangukia mikononi mwa Waingereza. Hata hivyo, jeshi la Wajerumani lilimponyoka, naye akaondoka Januari 1917. Mzigo wa vita uliwaelemea wapagazi Waafrika. Hadi vita vilipomalizika mwaka 1918, wapagazi wanaokadiriwa kuzidi 40,000 kutoka Kenya pekee walikuwa wamefariki, wengi wao kwa maradhi na utapiamlo. Jina la kikosi chao limebaki katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi.

Aliposhindwa katika uchaguzi wa mwaka 1924, Smuts alipata wasaa wa kuandika, na mwaka 1926 akachapisha kitabu chake, Holism and Evolution. Neno holism alilibuni kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya -zima. Alizikataa hoja za pande zote mbili. Kwake, maumbile yenyewe yana mwelekeo wa kuunda vitu vizima vinavyozidi jumla ya sehemu zake, kuanzia kemikali hadi mmea, mnyama na hatimaye nafsi ya binadamu.

Fikra hiyo ilimvutia John Phillips, mwanaikolojia aliyewahi kutafiti mbung'o Tanganyika. Mwingereza Arthur Tansley alipoipinga mwaka 1935, ndipo alipopendekeza dhana ya mfumo-ikolojia, ambayo hutumika hadi leo. Naye Lancelot Hogben alimkabili Smuts mwenyewe mjini Cape Town mwaka 1929.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa katika siasa yake. Mwaka huo huo wa 1929, katika mihadhara yake Oxford, Smuts alitetea walowezi wa Kizungu waongezwe katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, na Waafrika wawekewe taasisi za pembeni. Uzima alioufafanua kwa mapana katika maumbile aliukatia mpaka ulipofika kwa watu.

Smuts alifariki tarehe 11 Septemba 1950. Mjini Mombasa upo mnara wa kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa vita vile, lakini majina ya wapagazi hayakuchongwa pale. Mwaka 2021, tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri na kuomba radhi kwamba maelfu kwa maelfu ya wafu wa Afrika Mashariki hawakukumbukwa kwa majina. Bila majina hayo, historia ya Smuts mwenyewe haiwezi kuitwa nzima.