Ludwig Guttmann: Daktari aliyewafungulia walemavu milango ya viwanja vya michezo

Sir Ludwig Guttmann hakuwahi kuwa bingwa wa mchezo wowote. Alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu, mzaliwa wa Ujerumani aliyefia Uingereza. Hata hivyo, mwanariadha mwenye ulemavu anayeshindana leo, awe anatoka Nairobi, Kampala au Brussels, hupimwa kwa kanuni ambazo chimbuko lake ni wodi ya daktari huyo.

Guttmann alizaliwa tarehe 3 Julai 1899 katika mji wa Tost, ambao leo unaitwa Toszek na uko nchini Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1917, akiwa mhudumu wa kujitolea katika hospitali moja ya eneo la migodi, alimwona kijana mchimba makaa ya mawe aliyevunjika uti wa mgongo. Kijana huyo alikuwa na mwili wenye nguvu, lakini alitengwa nyuma ya pazia kwa kuwa madaktari waliamini hana siku nyingi. Wiki tano baadaye alikufa. Guttmann hakuisahau sura hiyo maisha yake yote.

Alihitimu udaktari mwaka 1924 na kufanya kazi mjini Breslau chini ya Otfrid Foerster, mmoja wa mabingwa wakubwa wa upasuaji wa mishipa ya fahamu wa zama hizo. Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, madaktari wa Kiyahudi walifukuzwa katika hospitali za umma. Guttmann akahamia hospitali ya Wayahudi mjini humo, na baadaye akawa mkuu wake.

Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938, masinagogi na maduka ya Wayahudi yaliposhambuliwa kote Ujerumani, aliamuru kila mwanamume atakayekimbilia hospitalini apokewe bila kuulizwa swali. Watu zaidi ya 60 walilazwa. Asubuhi yake maofisa wa Gestapo walifika kudai maelezo. Daktari alipita nao kitanda hadi kitanda, akimtajia kila aliyelala pale ugonjwa wake, ukiwamo ule ambao hakuwa nao. Karibu wote waliokoka kukamatwa siku hiyo. Miezi michache baadaye, Machi 1939, Guttmann aliwasili Uingereza pamoja na mkewe na watoto wao wawili, akiwa mkimbizi.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndivyo vilivyompa kazi iliyomletea sifa. Serikali ya Uingereza ilitarajia majeruhi wengi, na tarehe 1 Februari 1944 kilifunguliwa kituo cha majeraha ya uti wa mgongo katika hospitali ya Stoke Mandeville, kaskazini-magharibi ya London. Guttmann alikabidhiwa uongozi. Wakati huo mtu aliyepooza kuanzia kiunoni hakutarajiwa kuishi muda mrefu, kwani vidonda vya kulala na maradhi ya njia ya mkojo vilimuua mapema.

Guttmann aliagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na mara nyingi alifika wodini saa za usiku wa manane kuhakikisha agizo linatekelezwa. Wauguzi walimwona mkali, na baadhi ya wagonjwa walimlalamikia kwa kuwanyima raha. Lakini vidonda vilipona, na wagonjwa waliokuwa wakingojea kifo wakaanza kuketi.

Michezo iliingia hapo kama tiba. Wagonjwa walianza kufukuzana kwa viti vya magurudumu na kupiga kigae kwa fimbo, na daktari mwenyewe akaketi kwenye kiti kucheza nao. Mchezo huo ulionekana kuwa wa hatari ukaachwa, ukafuatiwa na upigaji mishale.

Uteuzi huo ulikuwa na maana yake. Upinde hutegemea mikono, mabega na utulivu wa jicho, hivyo aliyeketi anaweza kumkabili aliyesimama bila kuhurumiwa. Nchini Ubelgiji, ambako upigaji mishale ni mchezo wa jadi unaoonekana hadi katika bustani ya Josaphat huko Schaerbeek, mjini Brussels, wapenzi wa mchezo huo wanafahamu kwamba miguu si silaha kuu ya mpigaji.

Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile ilipofunguliwa Michezo ya Olimpiki mjini London, washindani 16 wanaotumia viti vya magurudumu walipiga mishale katika viwanja vya Stoke Mandeville. Mwaka 1952 walifika Waholanzi, na mashindano yakawa ya kimataifa. Mwaka 1960 yalifanyika Roma, yakihudhuriwa na wanamichezo wapatao 400 kutoka nchi 23, Ubelgiji ikiwa mojawapo. Hiyo ndiyo inayohesabiwa leo kuwa Paralimpiki ya kwanza. Kenya na Uganda zilijiunga mwaka 1972 mjini Heidelberg.

Kadiri mashindano yalivyokua, ndivyo mzozo wa kanuni ulivyokua. Guttmann aliwagawa washindani kwa kufuata mahali uti wa mgongo ulipojeruhiwa, ili aliyepooza kuanzia kifuani asilazimishwe kushindana na aliyepooza miguu pekee. Aliyeamua kundi la mshindani alikuwa daktari. Utaratibu huo ulilinda haki ya wengi, lakini ulikuwa na kasoro: watu wawili wenye jeraha linalofanana huweza kuwa na nguvu zinazotofautiana. Pia uliwaacha nje waliokatwa viungo, wasioona na wengine ambao uti wao wa mgongo ulikuwa mzima.

Unyanyuaji wa vitu vizito unaonyesha safari hiyo kwa uwazi. Ulipoingizwa Tokyo mwaka 1964, uliruhusiwa kwa wanaume wenye majeraha ya uti wa mgongo tu. Baadaye milango ilifunguliwa kidogo kidogo kwa ulemavu wa aina nyingine. Wanawake waliupata mwaka 2000 mjini Sydney.

Leo wanyanyuaji hugawanywa kwa uzito wa mwili, si kwa aina ya ulemavu, na wote hunyanyua wakiwa wamelala chali, miguu ikiwa juu ya benchi. Hapo nako kumehitajika kanuni za pekee. Aliyekatwa mguu ana mwili mwepesi kuliko mwenzake mwenye miguu miwili, kwa hiyo ziliwekwa kanuni za kumwongezea kilo katika hesabu ya uzito wake. Asiyeweza kunyoosha kiwiko kikamilifu naye aliwekewa kiwango, ili mwamuzi asimhesabie kosa kwa jambo lililo nje ya uwezo wake. Katika mchezo huo Siamand Rahman wa Iran alinyanyua kilo 310 mjini Rio de Janeiro mwaka 2016.

Guttmann mwenyewe aliishi kuona mabadiliko hayo yakianza. Mwaka 1976 wasioona na waliokatwa viungo waliingia katika mashindano ya Toronto. Mwaka huohuo Tofiri Kibuuka, Mganda asiyeona, alishiriki mashindano ya kwanza ya majira ya baridi nchini Sweden. Daktari alipewa heshima ya Sir mwaka 1966, na alifariki dunia tarehe 18 Machi 1980, akiwa na umri wa miaka 80. Miezi michache baadaye, mjini Arnhem, waliopooza kutokana na athari za ubongo walishindana kwa mara ya kwanza.

Sanamu yake imesimama Stoke Mandeville, lakini mjadala aliouanzisha haujafungwa. Kila kanuni inapopitiwa upya, wako wanaoingizwa na wako wanaoambiwa ulemavu wao hautoshi, na kwa mwanamichezo aliyejiandaa kwa miaka mingi hukumu hiyo ni nzito kuliko chuma chochote. Kijana mchimba makaa wa mwaka 1917 hakupata hata nafasi ya kupimwa.