Mkono wa Askofu Mkuu Cranmer

Kila Jumapili tunapopiga magoti na kuungama dhambi kwa sauti moja, twafuata njia iliyotengenezwa na Thomas Cranmer. Alizaliwa Aslockton, Uingereza, mwaka 1489, akasoma Cambridge, akawa padre na mwalimu. Mwaka 1533 Mfalme Henry wa Nane alimfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, cheo ambacho hakukikimbilia.

Alitaka Neno la Mungu lisikike kanisani kwa lugha ya watu. Biblia Kubwa ilipochapwa mwaka 1539, yeye aliiandikia dibaji mwaka uliofuata. Wakati wa Mfalme kijana Edward wa Sita alitoa Kitabu cha Sala, 1549, akakitengeneza upya 1552. Katika homilia yake juu ya wokovu, ya 1547, alifundisha kwamba twahesabiwa haki kwa neema tu, kwa imani, wala si kwa ujira wa matendo. Matendo mema hufuata nyuma kama matunda. Lakini hakuwa malaika. Alikuwa mmoja wa waliomhoji John Frith, aliyechomwa moto 1533 kwa fundisho la Meza ya Bwana ambalo Cranmer mwenyewe alilikubali baadaye karibu lote.

Edward alikufa 1553. Malkia Mary akarudisha mamlaka ya Papa, na Cranmer akatiwa gerezani, London kisha Oxford. Oktoba 1555 maaskofu wenzake, Ridley na Latimer, wakachomwa moto mjini humo.

Hapa hatupendi kuharakisha. Mzee wa miaka 66, peke yake, alianza kutia sahihi hati za kukana mafundisho yake, moja baada ya nyingine, zikafika sita. Wako wamwitao mwoga. Sisi twakumbuka kwamba miaka yote alifundisha kuwa mtawala wa nchi ni mkuu wa Kanisa chini ya Mungu. Sasa mtawala huyo alimwamuru kukana. Hata hivyo hakuachiliwa.

Tarehe 21 Machi 1556, siku ya mvua, alipelekwa katika Kanisa la Mt. Maria ili akane hadharani. Aliomba rehema kama mwenye dhambi asiye na kitu mkononi. Kisha, badala ya kukana, akazikataa zile hati zote, akisema kwamba mkono uliozitia sahihi ndio utakaoungua kwanza. Wakamshusha upesi, wakampeleka mtini. Moto ulipowaka aliunyosha ule mkono wa kuume ndani ya miali.