Henri Bergson: Mwanafalsafa aliyechunguza wakati na kicheko

HENRI Bergson, aliyefundisha kuwa saa haiwezi kupima wakati jinsi binadamu anavyouishi, alizaliwa jijini Paris, Ufaransa, mnamo Oktoba 18, 1859. Babake alikuwa mwanamuziki Myahudi kutoka Poland, naye mamake Myahudi kutoka Uingereza.

Shuleni alivuma kwa hisabati, lakini akachagua falsafa. Katika tasnifu yake ya 1889, alitofautisha wakati wa saa, unaogawika katika dakika zilizo sawa, na wakati wa nafsi, unaotiririka kama mto. Baadaye alitoa mfano wa mtu anayetaka kunywa maji ya sukari: hana budi kungoja sukari iyeyuke. Kungoja huko si hesabu ya dakika tu, bali ni kipande cha maisha yake.

Mwaka wa 1900 alichapisha kitabu kuhusu kicheko. Alieleza kuwa sisi hucheka tunapomwona binadamu akitenda kama mashine. Mpita njia akijikwaa na kuanguka, watu huangua kicheko kwa sababu miguu yake iliendelea na mwendo ule ule ilhali njia ilimtaka abadilike. Hata hivyo, anayemhurumia hacheki. Kwa Bergson, kicheko kilikuwa adhabu nyepesi ambayo jamii humpa aliyesahau kuwa hai. Mafundisho yote mawili yalitoka shina moja: uhai haujirudii, mashine hujirudia.

Mihadhara yake katika Collège de France ilifurika wasikilizaji. Aprili 6, 1922, alijadiliana na Albert Einstein jijini Paris kuhusu wakati, na wanasayansi wengi wakaona kwamba Einstein ndiye aliyeshinda. Hilo halikumzuia Bergson kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya 1927, wakati ambapo baridi yabisi ilikuwa imeudhoofisha mwili wake.

Uzeeni moyo wake uliegemea Ukatoliki. Hata hivyo, katika wasia wake wa 1937 alieleza kwamba hakubatizwa kwa kuwa aliona chuki dhidi ya Wayahudi ikipamba moto, naye alitaka kubaki pamoja na watakaoteswa.

Alifariki Januari 4, 1941, akiwa na umri wa miaka 81, Paris ikiwa mikononi mwa Wanazi. Sifa zote alizokuwa nazo hazikumfanya awakane watu wake.