Mwalimu Nyerere: Aling'atuka Ikulu, hakuiacha kazi

WATUMISHI wengi huihofia siku ya kustaafu kuliko wanavyokiri. Leo mtu ana ofisi, dereva na watu wanaomsubiri mlangoni. Kesho anaamka alfajiri kama alivyozoea, hana pa kwenda.

Hayati Mwalimu Julius Kambarage Nyerere aliikabili asubuhi ya namna hiyo Novemba 1985, alipomkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi. Alikuwa na umri wa miaka 63. Wakati huo viongozi wengi wa Afrika walitoka Ikulu kwa mapinduzi au ndani ya jeneza. Hata neno tulilolitumia kulieleza tukio hilo, kung'atuka, yeye ndiye aliyelileta katika Kiswahili kutoka Kizanaki, lugha ya kwao Butiama.

Kuacha cheo hakukuwa jambo jipya kwake. Mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu Pugu ili aitumikie TANU. Januari 1962, wiki chache tu baada ya uhuru, alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama. Desemba mwaka huohuo akawa Rais.

Hata hivyo, mwaka 1985 hakuondoka kwa shangwe tupu. Maduka yalikuwa matupu, fedha za kigeni haba, na gharama za vita vya Kagera vya 1978 na 1979 zilikuwa bado zinaitafuna nchi. Aliendelea kuwa Mwenyekiti wa CCM hadi 1990, na katika kipindi hicho alishuhudia Serikali mpya ikifikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, kwa masharti ambayo yeye aliyapinga kwa miaka mingi. Si jambo jepesi kuketi pembeni na kutazama wengine wakiibomoa kazi ya mikono yako.

Mwalimu hakujifungia ndani kuomboleza. Alirejea Butiama, akashika jembe, akalima na kufuga. Jioni alicheza bao, mchezo alioupenda mno. Alirudia pia kalamu. Yeye aliyekwisha kufasiri tamthilia mbili za Shakespeare akiwa madarakani, sasa aliziweka Injili katika utenzi wa Kiswahili, kazi iliyochapishwa mwaka 1996.

Wala dunia haikumsahau. Kuanzia 1987 aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, iliyokusanya wataalamu na viongozi wa mataifa yanayoendelea kutafakari madeni, biashara na ushirikiano wa nchi maskini. Ripoti yake ilitoka mwaka 1990. Hapo hakuwa na jeshi wala hazina. Alikuwa na hoja tu.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa Burundi. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, nchi hiyo ilitumbukia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwalimu alikubali kuwa msuluhishi. Aliwakutanisha wahasimu Mwanza mwaka 1996, lakini Julai mwaka huo Pierre Buyoya akatwaa madaraka kwa mapinduzi, na juhudi zikavurugika. Wapo waliomtuhumu kuwa anaegemea upande mmoja. Mzee hakususa. Juni 1998 mazungumzo mapana yalifunguliwa Arusha, naye akayaongoza huku saratani ya damu ikimnyemelea.

Hakuyaona matunda yake. Alifariki dunia Oktoba 14, 1999, katika hospitali ya St Thomas, London, akazikwa Butiama. Nelson Mandela, naye akiwa rais mstaafu, aliupokea usuluhishi huo, na mkataba wa amani ukatiwa saini Arusha Agosti 28, 2000.

Ni kweli kwamba mstaafu wa kawaida haitwi kusuluhisha vita. Lakini kila mtaa una ugomvi wa mirathi unaomsubiri mzee mwenye busara, kila shule ina mtoto asiyejua kusoma, na kila ukoo una historia ambayo haijaandikwa. Cheo hurudishwa siku ya makabidhiano. Ujuzi wa miaka 30 hubaki na mwenyewe. Mwalimu aliutumia hadi nguvu zilipomwishia, katika kazi aliyojua huenda ikamaliziwa na mwingine.