Frank Zappa: Gwiji aliyeacha bahari ya santuri

MAREHEMU Frank Zappa alitoa zaidi ya albamu 60, na wengi wanaotaka kumfahamu hukata tamaa kabla ya kuanza. Mlango mwafaka ni Hot Rats ya mwaka wa 1969. Humo gitaa na fidla hupokezana, na ni kibao kimoja tu chenye sauti ya mwimbaji.

Zappa alizaliwa Baltimore, Marekani, Desemba 21, 1940, na utunzi alijifunza zaidi kwa kujisomea. Freak Out! ya 1966, albamu ya kwanza ya kundi lake la Mothers of Invention, ilichanganya roki, kejeli na makelele. Anayeanzia hapo huenda akatoroka. Afadhali Apostrophe ya 1974, iliyojaa mzaha, ambayo ndiyo pekee iliyoingia kumi bora Marekani.

Mnamo 1985 alifika mbele ya kamati ya Seneti kupinga santuri kubandikwa maonyo. Saratani ya tezi kibofu ilipogunduliwa mwaka wa 1990, ilikuwa imeshapita tiba. Hata hivyo, hakuweka kalamu chini. The Yellow Shark, iliyopigwa na okestra ya Ujerumani, Ensemble Modern, ilitoka Novemba 1993. Zappa aliaga dunia Desemba 4 mwaka huo, akiwa na miaka 52.