Dudley Marjoribanks, tajiri mwenye aliandika mbwa zake zote mu kaye

Mutu wa Buluo mwenye anatafuta mutoto wa mbwa wa kuwinda, mara mingi anaangalia vitu viwili tu: rangi na bei. Akiona mutoto mwenye masikio ya kusimama na macho ya kung'aa, anatoa franka, anamubeba, mambo imeisha. Mama ya huyo mbwa anafanya kazi gani? Baba yake ni nani? Walikuwa na ugonjwa gani? Hapo muuzaji anacheka tu. Kisha miezi nane, siku ya kwanza ya pori, mbwa anakimbia sauti ya bunduki, ao anakula kanga mwenye alitumwa kuleta. Muuzaji alishakula pesa yake zamani.

Kuko mutu mumoja mwenye alikufa zaidi ya miaka 130 iliyopita na mwenye maisha yake inaonyesha sababu gani hayo maulizo ni ya lazima. Jina yake ni Dudley Coutts Marjoribanks, mwenye kisha waliita Lord Tweedmouth. Golden retriever, ile mbwa ya rangi ya dhahabu yenye watu wanaona mu filme na mu matangazo, ilitoka kwake. Wengi wanafikiri ni mbwa wa kulala ku tapi. Hapana. Alizalishwa kwa kazi moja: kutafuta ndege mwenye amepigwa risasi, hata kama ameanguka katikati ya maji, na kumuleta ku mukono ya muwindaji bila kumuharibu.

Dudley alizaliwa tarehe 29 Desemba 1820, na hakuzaliwa mu umasikini. Baba yake, Edward Marjoribanks, alikuwa mumoja wa wakubwa wa banki ya Coutts ku London, banki ya matajiri wa Uingereza. Yeye mwenyewe alitia pesa yake mu kiwanda cha bia cha Meux, palepale London, na bia ikamuletea mali mingi. Mwaka wa 1848 akaoa Isabella Hogg, binti ya mukubwa mumoja wa ile Kompani ya Wahindi ya Mashariki yenye ilikuwa inatawala India. Mwaka wa 1853 akaingia mu bunge kwa kura ya watu wa Berwick, muji wenye uko ku mupaka wa Uingereza na Uskoti, pahali muto Tweed unaingia mu bahari. Alikaa mubunge kwa miaka mingi. Mu 1881 walimupatia cheo cha Lord, na jina ya Tweedmouth inatoka ku ule muto.

Lakini moyo wake ulikuwa ku Guisachan.

Guisachan ni pori la milima na mito mu kaskazini ya Uskoti. Marjoribanks alilichukua mu miaka ya 1850. Akajenga nyumba kubwa, na zizi za nyama, na vibanda vya mbwa. Watu wenye walikuwa wanakaa karibu na hiyo nyumba walihamishiwa mu kijiji kipya, Tomich. Nyumba za Tomich zilijengwa muzuri kwa mawe na zingali zinasimama mupaka leo, lakini mutu wa Katanga mwenye anajua namna kompani zilikuwa zinapanga vijiji hatashangaa kusikia kama ni bwana ndiye alichagua pahali pa kila mutu kukaa.

Mu ile miaka bunduki zilikuwa zinabadilika. Zamani muwindaji alikuwa anamwaga baruti na risasi kupitia mu mudomo wa bunduki, anasukuma na fimbo, na wakati anamaliza ndege wamekwenda. Bunduki mupya zilikuwa zinafunguliwa kwa nyuma na kujazwa mbiombio. Sasa ndege walianguka wengi na walianguka mbali, wengine ngambo ya muto, wengine mu majani marefu. Mbwa za zamani, zenye kazi yao ilikuwa kunusa na kuonyesha pahali ndege amejificha, hazikutosha. Ilihitajika mbwa mwenye pua, mwenye hapendi kukaa mbali na maji, mwenye kusikia neno, na zaidi ya yote mwenye mudomo laini. Mudomo laini ni kusema anabeba bata bila kuvunja hata mufupa mumoja. Hii kitu haifundishwi kabisa kwa fimbo. Mutoto anaizaliwa nayo ao haizaliwi nayo, na ni juu ya hiyo mufugaji anakuwa na maana kuliko mufundishaji.

Mwaka wa 1865 Marjoribanks alikuwa ku Brighton, muji wa kando ya bahari mu kusini ya Uingereza. Hadisi ya jamaa inasema alikuwa anatembea na mutoto wake Edward wakati waliona mbwa mumoja wa manjano mu mukono ya kordonye, mutengenezaji wa viatu. Huyo kordonye alikuwa amepewa mbwa na mulinzi wa pori la Lord Chichester, juu ya deni ya viatu. Wandugu za huyu mbwa wote walizaliwa weusi, sawa vile retriever za wakati ule zilikuwa, na yeye peke yake akatoka wa manjano. Kwa wafugaji wengi mutoto wa namna ile alikuwa wa kutupa. Marjoribanks alimununua. Akamuita Nous, neno la Kigiriki lenye maana yake ni akili.

Mutu anaweza kusema: basi na yeye alinunua kwa rangi! Ni kweli, rangi ilimuvuta, na hakuna haja ya kuficha. Lakini angalia kitu chenye alifanya kisha. Mu kaye ya mbwa za Guisachan, Nous ameandikwa kama ni wa ukoo wa mbwa za Lord Chichester, amezaliwa mu Juni 1864, amenunuliwa ku Brighton. Mistari mifupi tu. Inaonyesha kama munuzi aliuliza mbwa ametoka wapi mbele ya kufurahia manyoya yake. Na hakumupandisha palepale. Nous alipelekwa Guisachan, na miaka mitatu ikapita.

Mu 1868 akapandishwa na Belle. Belle alikuwa spaniel wa maji wa upande wa muto Tweed, aina ya mbwa yenye leo haiko tena duniani, ilipotea kabisa. Mbwa za ule muto zilikuwa za wavuvi na wawindaji wa ndege wa kando ya bahari, zenye kuzoea maji baridi na mawimbi, na Marjoribanks alizijua juu huko ndiko kulikuwa watu wenye kumupigia kura. Belle akazaa watoto wa manjano, na wakapewa majina ya kukumbuka rangi yao: Crocus, Cowslip na Primrose ni majina ya maua ya manjano. Wa ine aliitwa Ada. Crocus akapewa Edward. Ada akaenda kwa mutoto wa dada yake, Lord Ilchester, mwenye naye akaanzisha ukoo wake. Cowslip akabakia ku nyumba.

Hapa ndipo maisha ya huyu tajiri inakuwa ya kupendeza, hata kama inaonekana ni ya polepole. Alingojea tena miaka mitano. Mu 1873 Cowslip alipandishwa na mbwa mwengine wa muto Tweed, mwenye aliitwa tu Tweed. Mu 1877 akazaliwa Zoe, mujukuu wa Cowslip. Kati yao waliingia retriever weusi, juu ya kuongeza nguvu na kazi ya inchi kavu, na setter mumoja mwekundu wa mutoto wake Edward. Wakati wote huo alikuwa anarudisha damu ya Cowslip, mara kwa huyu, mara kwa yule. Mu 1889 wakazaliwa Prim na Rose, wa mwisho mu kaye. Zaidi ya miaka 20, ukoo mumoja, na kila jambo limeandikwa: nani amezaliwa, wa mama gani, wa baba gani, amepewa nani. Ile damu ya weusi na ya setter, mufugaji mwenye kupenda sifa angeificha. Yeye aliiandika.

Mbwa hakuwafanya biashara ya soko. Aliwapa jamaa, marafiki na walinzi wa pori, watu wenye wangewatumikisha. Kwa njia hiyo alijua nani mu watoto wake anaogopa maji na nani anauma ndege, juu habari zilikuwa zinarudi Guisachan kila musimu wa kuwinda.

Akakufa tarehe 4 Machi 1894. Edward akarizi cheo na pori. Huyu Edward alikuwa ameoa Fanny, shangazi ya Winston Churchill, na kisha akakuwa waziri wa vita vya baharini. Dada yake Ishbel aliolewa na Lord Aberdeen, mwenye alitawala Kanada kwa jina la malkia toka 1893 mupaka 1898. Mu miaka ya kwanza ya karne ya 20 pori likauzishwa, na mbwa zikabakia mu mikono ya wengine.

Wakati mwenyewe hayuko, uongo unapata nafasi. Kuko ofisa mumoja wa jeshi, Kolonele Le Poer Trench, mwenye alitangaza kama mbwa za manjano zilitoka Urusi. Alisema Marjoribanks aliona kikundi chao mu sarakasi ku Brighton, na akanunua wote mara moja. Hadisi ilikuwa tamu. Urusi, milima ya theluji, sarakasi, tajiri anatoa pesa! Wauzaji waliipenda, juu mbwa wa Urusi ana bei kuliko mbwa wa kordonye. Watu waliiamini kwa miaka makumi, na ikaingia mu vitabu.

Mu 1952 mambo ikabadilika. Lord Ilchester wa wakati ule, wa jamaa ileile yenye ilipewa Ada, alitangaza habari za kaye ya Guisachan mu gazeti. Ndani hakuna mbwa hata mumoja wa Urusi. Kuko Nous, wa Brighton, na Belle, wa muto Tweed, na watoto wao mwaka kwa mwaka. Chama cha Kennel Club cha Uingereza kilikubali.

Kwa munuzi wa leo hii haiko mambo ya sifa ya ukoo peke yake. Golden retriever wanajulikana kwa ugonjwa wa mifupa ya kiuno, wenye unatoka ku wazazi. Mutoto anaonekana muzima kwa miezi mingi, kisha anaanza kuchechemea, na mbwa wa kuwinda mwenye anachechemea ni kinywa cha kulisha tu. Wafugaji wazuri wanapiga picha ya radio ku mifupa ya baba na mama mbele ya kuwapandisha, na wanaonyesha munuzi karatasi. Wanamuacha pia aone mama akifanya kazi. Mufugaji mwenye anakataa kuonyesha mama, hata awe na maneno ya Urusi ao ya Ulaya, ni wa kuachwa.

Na kuko upande wa Kongo mu hii hadisi, wenye hauko mutamu. Mbwa wa kuwinda wa Kongo, mwekundu na mweupe, mwenye mukia wa kujikunja na mwenye habweki sana, alibebwa Uingereza mu 1936 na bibi mumoja Muingereza, Olivia Burn. Mwaka wenye ulifuata watu walisongamana ku maonyesho ya Crufts juu ya kumuona. Leo ako mu vitabu vya dunia nzima kwa jina la basenji, neno la wakoloni lenye kila mutu wa huku anasikia maana yake bila kutafsiriwa: washenzi. Wawindaji wenye walichagua hao mbwa kizazi kwa kizazi, wakibakisha mwenye pua na kuacha muvivu, wakiwafunga kengele ya mbao ku shingo ili wasipotee mu majani, hawakuandika kitu. Kichwa chao ndicho kilikuwa kaye. Kazi yao ilikuwa ileile ya Guisachan, pengine ya zamani zaidi, na hakuna jina hata moja yao mu kile kitabu. Hata yule kordonye wa Brighton jina yake haikubakia, na alikuwa Muingereza.

Nyumba kubwa ya Guisachan ilitolewa paa mu 1939, na leo kumebakia kuta zenye miti imeota ndani. Mu 2018, wakati miaka 150 ilitimia toka watoto wa Belle kuzaliwa, watu walikuja na mbwa zao toka inchi mbalimbali na kupiga picha mbele ya zile kuta. Walihesabu golden retriever 361, na kila mumoja, mutu akiwa na subira ya kurudi nyuma mu karatasi, anafika ku ile mistari mifupi juu ya Nous.