Mwenda Jean-Bosco na vumbi ya mawe

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mu 1930 kule Bunkeya, kwa Wabayeke. Sisi wa Likasi tunamuita wetu, maana ni hapa, muji ungali Jadotville, ndjo Mzungu Hugh Tracey alimusikia mu 1952 na kushika gita yake ku mashini. Alipiga na vidole viwili tu, kile kikubwa na chenye kukifuata. Asiyemuona alizania ni gita mbili. Wimbo wake Masanga ukatoka ku disiki za Gallotone, ukazunguka Afrika.

Bazee wetu walimusikia ku disiki za 78, zenye kuzunguka mara 78 kwa dakika. Upande moja, karibu dakika tatu, kisha unageuza. Ikianguka, imevunjika. Na ile shaaa nyuma ya gita, batoto wanafikiri ni mvua. Hapana. Disiki ya wakati ule ilikuwa gundi ya wadudu wa Azia, imechanganywa na mawe ya kusagwa ili ikuwe nguvu. Sindano ilikuwa inakwaruza mawe. Sisi batu ya mine tunajua ile sauti! Vinyl ilikuja nyuma, haina mawe, ndjo maana inaimba laini.

Leo Mwenda iko mu telefone. Wameondoa shaaa, lakini mara mingi mlio wa kucha ku kamba umeenda nayo pamoja. Kwetu hiyo ni hasara.

Alifika hata Newport, Marekani, mu 1969. Alikufa mu 1990, aksida ya motokari, kule Zambia.

Mwenye angali na disiki yake ya 78 asiiache ku jua, inapinda. Na sindano ya chuma, abadilishe kila upande.